Fimbo ya Kupambana na Ziwa

Mwaka ule niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mpira mweupe wa biliadi huchongwa kwa jino la kiboko, na kwamba ukiuweka karibu na ziwa utayasikia maji na kutaka kurudi kwao. Ushahidi tulikuwa nao. Unaugonga mpira vizuri, unaanza safari katikati ya meza kama mtu mwenye adabu, halafu ukikaribia mwisho unakumbuka nyumbani, unapinda taratibu kuelekea upande wa dirisha, na nje ya dirisha lile, hatua chache tu kutoka ukutani, lilikuwepo Ziwa Victoria lote pamoja na viboko wake. Jambo hili niliwaeleza wenzangu kwenye kinu cha pamba, nikalieleza shuleni jioni, nikamweleza hata karani wa posta ambaye alitaka tu kujua kama barua yangu inakwenda Bukoba au Musoma. Aliniuliza, "Na ukiupeleka Tabora?" Nikamjibu kwamba Tabora mpira huo ungenyooka, maana hakuna maji ya kuusumbua. Nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyewahi kufika Tabora na mpira mfukoni.

Kilichonirudisha kwenye mwaka ule ni hitma ya Fundi Idi, seremala wetu wa zamani wa Igogo, Mwanza, iliyosomwa mwezi uliopita nyumbani kwa binti yake kule Buzuruga. Nilichelewa, kama kawaida yangu, nikasukumwa mkekani kati ya watu nisiowajua. Sinia la pilau lilipofika, mzee mmoja mwenye kipara kinachong'aa alilitazama kwa mashaka. Mkeka ulikuwa umetandikwa juu ya mzizi, na mchuzi ulikuwa umekimbilia upande mmoja. Yule mzee akakunja kipande cha gazeti mara nne, akakisukuma chini ya ukingo wa sinia, akatazama tena, mchuzi ukarudi katikati, akaridhika, ndipo akatia mkono. Sikuhitaji kumwona uso. "Bwire," nilisema. Akageuka. "Masanja," alisema, "bado unachelewa." Tulikuwa hatujaonana tangu enzi ambazo kila mmoja wetu alikuwa na meno yake yote.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Ndugu zangu wapo, wanajua kusoma, na wengine wana bakora. Nianze tu na chumba. Mimi na Bwire tulipanga chumba kimoja Igogo, kwa Bi Zuhura, chumba chenye dirisha moja dogo na joto la kutosha kuoka mikate ya mji mzima. Vitanda viwili, kati yake meza, juu ya meza taa yangu ya kusomea na ndoo ndogo ya zana za Bwire, ambaye alikuwa mwashi. Katika ndoo ile mlikuwa na mwiko, kamba, na kitu alichokithamini kuliko mshahara: pima maji, ule ubao wa waashi wenye kijichupa cha maji na povu moja ndani, ambalo likikaa katikati unajua kwamba ukuta wako haujalala. Bwire hakuweza kuvumilia kitu kilichoinama. Siku aliyohamia, kabla ya kufungua sanduku, aliweka pima maji juu ya meza yetu, akasikitika, akatafuta kijiti, akakiweka chini ya mguu. Halafu vitanda. Halafu, Mungu ni shahidi, akataka kuupima mto wangu.

Chakula tulikula uani kwa Bi Zuhura. Mama yule alikuwa mtu wa mji, mjane, mwenye kanga safi na ulimi usiopumzika. Asubuhi alitupa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani, vimepikwa kwa karanga. Jioni ugali wa muhogo na sato aliyekaangwa mzima, na sato wa siku zile walikuwa wakubwa kiasi kwamba kichwa kilikuwa cha wapangaji na mkia ulikuwa wa majirani. Uani pale ndipo Uhuru ulipojadiliwa kila siku kuliko hata kwenye mikutano. Namkumbuka muuza mkaa mmoja alivyouliza kama Uhuru ukija kodi ya chumba itaendelea. Bi Zuhura aliacha kugeuza samaki. "Uhuru utakuja," alisema, "Mwingereza atakwenda, bendera itashuka, na tarehe moja nitagonga mlango kama kawaida." Tulicheka mpaka mafuta yakaungua.

Mchana nilikuwa kinuni, napima pamba. Kila asubuhi kabla ya mkulima wa kwanza kushusha gunia, nilikuwa nainama, nausawazisha mzani, naupangusa, nahakikisha kitako chake kimekaa sawa kabisa, maana mzani ulioinama humdhulumu mtu na mimi sikutaka laana za Wasukuma wenzangu. Nilikuwa mashuhuri kwa hilo. Jioni nilikwenda shule, darasa la watu wazima chini ya taa ya karabai, tukibanana kwenye madawati ya watoto huku magoti yakigusa kidevu. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu pale, na mwaka ule, mwaka wa Uhuru, nilikuwa nakaribia mtihani. Ukifaulu, unaacha kupima magunia unaingia ofisini, unavaa tai, unaitwa karani. Ofisi zilikuwa zinatafuta watu. Wazungu walikuwa wanafungasha na viti vinabaki wazi. Kilichobaki ilikuwa kulipa ada ya mtihani, na ada nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye leso ndani ya kopo la chai chini ya kitanda. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumatatu, saa sita mchana, na baada ya hapo usubiri mwaka mwingine.

Sasa niseme habari ya klabu, maana ndiyo iliyotaka kunila. Ilikuwa nyumba ya bati chini ya yale mawe makubwa, imeelekea ziwani, na ndani yake mlikuwa na meza moja ya biliadi ambayo klabu ya Wazungu iliitupa ilipoagiza mpya. Ndani ya meza ile, chini ya kitambaa cha kijani, mna jiwe. Ilibebwa na wanaume thelathini. Kila nikisimulia wanaongezeka, lakini safari hii acha wabaki thelathini. Ilipofika, mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, na Fundi Idi akachonga mguu mwingine wa mninga, akaunakshi ukafanana na wenzake mpaka watu wakaja kuutazama kama harusi. Tangu siku hiyo meza ikawa kama yake. Yeye ndiye aliyepiga kitambaa brashi, yeye aliyetunza ufunguo, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Fundi hakuulenga mpira. Alilenga ukuta. Alikuwa anasimama, mtu mrefu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio, anaelekeza fimbo mahali ambapo hapana kitu kabisa, mbali kiganja kizima kutoka kwenye shimo, anagonga, na mpira unakwenda zake, unafikiri, unapinda, unatumbukia. "Usishindane na kiboko," alikuwa akituambia. "Mwache aende kwao, ila mpitishe njia yako." Wachezaji wote wazuri walijifunza kwake kiasi cha kuuacha mpira uende. Mimi sikuweza. Mimi jicho langu ni la mzani. Kitu nikikiona kipo pale, nakigonga kiende pale. Kwa hiyo nilikuwa mchezaji mbaya kuliko wote waliowahi kushika fimbo kati ya Mwanza na Kairo.

Fimbo za klabu zilikuwa sita, zimetundikwa ukutani kwa namba. Namba Moja ilikuwa imepinda kama mkia wa mbwa aliyefurahi. Namba Tano haikuwa na ncha. Iliyonyooka ilikuwa Namba Tatu, na mimi na Bwire tulikuwa tumeiwahi. Maana klabu yetu ilikuwa na desturi: watu wawili wanaotumia fimbo moja huitwa jozi, wanacheza upande mmoja, akikosa huyu anamkabidhi mwenzake mkononi bila kuiweka chini, na jozi hufungwa pamoja na husifiwa pamoja. Lakini ukinunua fimbo yako mwenyewe, umehama. Jina lako linaandikwa kwa chaki kando ya msumari wako, huruhusiwi kugusa za ukutani tena, na jozi yako imekufa. Aliyekuwa na fimbo yake alikuwa mmoja tu, Fundi Idi, aliyejichongea.

Ndipo siku moja, nikipita mtaa wa maduka, nikaiona. Ilikuwa dirishani kwa Bwana Jivan, mwuza vifaa vya michezo, kati ya mpira wa miguu na jozi ya glovu za ndondi: fimbo ya vipande viwili inayoungwa katikati kwa shaba, imelala ndani ya sanduku jembamba lenye kitambaa chekundu, kama mfalme aliyefariki. Niliingia. Bwana Jivan aliiunga, akaiviringisha juu ya kaunta ya kioo, ikaviringika bila kurukaruka hata kidogo.

"Nyooka kama sindano," alisema. "Shika, bwana, shika."

Niliishika. Mkono wangu ulinyamaza. Lakini nilikuwa mtu wa elimu, nikauliza swali la kitaalamu: "Mti wa fimbo hii umeota karibu na ziwa?"

"Ziwa gani? Hii toka Ulaya. Imekuja na meli."

"Kumbe imepita majini."

"Imekuja ndani ya sanduku, bwana!" alisema Bwana Jivan, akaanza kuhuzunika. "Haikuona kitu!"

Hapo hesabu yangu ikakamilika. Fimbo za klabu zilikuwa za miti ya kwetu, miti iliyonyweshwa na mvua ya ziwa; bila shaka zilikuwa zinashirikiana na mpira kisirisiri. Fimbo ngeni, isiyojua ziwa wala kiboko, ingeuamuru mpira na mpira ungetii. Tatizo lilikuwa moja. Bei ya fimbo, na nilipokwenda kufungua leso nikahakikisha, ilikuwa karibu sawasawa na ada ya mtihani, kana kwamba Bwana Jivan na mwalimu wangu walikaa kikao.

Ninapoandika haya nina miaka mingi ya kukaa ofisini nyuma yangu, na najua msomaji atasema, huyu alikuwa mjinga, fimbo na mtihani vinalinganishwaje? Lakini msomaji hakuwa Igogo mwaka ule. Kila kitu kilikuwa kinabadilika, kila mtu alikuwa anakuwa mtu mwingine. Muuza mkaa alinunua viatu. Dereva wetu wa kinuni alianza kutia sahihi yenye mkia. Mtihani ulikuwa jambo la mbali, la karatasi. Fimbo ilikuwa pale, inashikika, na ingenifanya niitwe kwa jina na klabu nzima Jumamosi ijayo. Na mtihani niliuogopa, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Sikuwahi kumwambia mtu. Kwenye biliadi nilikuwa na kiboko cha kumsingizia. Kwenye mtihani ningemsingizia nani?

Jioni moja ya wiki ile nilikuwa nimelala kitandani na daftari kifuani, nikamsikia Bi Zuhura uani na jirani yake, wanachambua dagaa, wanaongea kwa ile sauti ya chini ambayo husikika mpaka stesheni.

"Yule wa pamba anataka kununua fimbo," alisema Bi Zuhura.

"Ana ng'ombe?"

"Ng'ombe atoe wapi! Ya kuchezea vile vipira."

"Ee? Si nasikia anasoma?"

"Anasoma. Hiyo shule ndiyo atakayoiuza."

"Jamani. Na taa anamaliza mafuta kila siku."

Nikasikia dagaa wanaanguka kwenye ungo. Kisha Bi Zuhura akasema, taratibu kuliko alivyowahi kusema jambo lolote, "Mimi ningependa mpangaji wangu mmoja avae tai kabla sijafa." Niligeukia ukutani. Bwire alikuwa amekaa kitanda cha pili anapangusa pima maji yake, na alikuwa amesikia vilevile.

"Umeamua?" aliniuliza.

"Jumatatu asubuhi nakwenda kwa Jivan."

"Hata ukinunua ya dhahabu, mpira utakwenda kulekule."

"Wivu huo," nilimwambia. "Unaogopa kubaki peke yako na Namba Tatu."

Bwire hakukasirika. Akasimama, akaenda mlangoni, akatazama nje, akarudi. Nilidhani anatafuta tusi. "Sikiliza," alisema hatimaye. "Jumamosi jioni cheza na Fundi, wewe na yeye tu, kwa Namba Tatu. Mara moja ya mwisho. Ukishindwa, Jumatatu mimi mwenyewe nitakusindikiza dukani na sanduku nitakubebea. Ukishinda, unalipa ada."

"Nimshinde Fundi Idi?" nilisema. "Kwa Namba Tatu? Mbele ya ziwa?"

"Sasa unaogopa nini?"

Nilikubali kwa moyo mweupe, maana ilikuwa sawa na kupewa fimbo. Wiki hiyo Bwire alikuwa na kazi palepale klabuni. Kamati ilitaka nyumba ipakwe chokaa kwa ajili ya Uhuru, naye ndiye aliyepewa, pamoja na ufunguo. Jumamosi alitoka alfajiri na ndoo yake, nikamsikia akikwaruza kitu kizito cha chuma mlangoni, nikajifunika shuka na kuota sanduku lenye kitambaa chekundu.

Jioni ile klabu ilinukia chokaa. Jua lilikuwa bado juu ya maji, limeingia dirishani na kulala juu ya kitambaa cha kijani, na watu walikuwa wengi, maana habari za pambano nilikuwa nimezitangaza mwenyewe kuanzia sokoni mpaka gatini. Nilimpa Fundi shikamoo yake. "Marahaba, bwana pamba," alisema. "Nasikia unatuhama."

"Nikishindwa tu, Fundi."

"Basi karibu ufungwe, uhame kwa amani," alisema, na watu wakacheka. Akachukua fimbo yake, akasimama kwa ule urefu wake wote, akalenga ukuta kama siku zote, akagonga. Mpira ukaondoka. Tukausubiri upinde. Haukupinda. Ulikwenda pale hasa alipoulenga, mahali ambapo hapana kitu, ukagonga ukingo, ukarudi mikono mitupu.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kiboko amekufa." Fundi alitazama mpira. Akatazama dirisha, ziwa lilikuwepo. Kisha akanipisha. Nami nikafanya lile ninalofanya siku zote: nikaona kitu kipo pale, nikakigonga kiende pale. Kikaenda pale. Kikatumbukia kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa na homa. Nikagonga cha pili, kikaingia. Cha tatu. Watu walianza kupiga meza za pembeni kwa viganja. Fundi aliporudi alilenga tena ukuta, mkono ulikuwa umezoea, akakosa tena. Safari ya tatu aliangusha chaki yake, akainama kuiokota, na akakaa kule chini ya meza muda mrefu kuliko chaki inavyohitaji. Aliposimama alijipangusa magoti, akamtazama Bwire, aliyekuwa ameegemea ukuta wake mpya na chokaa mpaka kwenye nyusi, anatazama dari. Mimi nilidhani wanaelewana kwamba mambo yangu ni mazito.

"Leo ziwa limelala," alisema Fundi Idi. Akaendelea kucheza, hakugombana, hakutafuta sababu, akakosa kwa heshima mpaka mwisho, nikamshinda. Alinipa mkono. Alikuwa bingwa tangu meza ilipoingia mlangoni, na baada ya siku ile hakuwa tena, maana mkono wake haukuwahi kujifunza upya. Wengine walichukua mwezi mzima wa kukosa. Mmoja aliacha biliadi akarudi kwenye bao. Mimi, niliyekuwa mkia, niliitwa bingwa mpaka nilipohamishwa kikazi.

Msinisubiri niwaambie nilikuwa mnyenyekevu. Nilipanda juu ya benchi nikatoa hotuba. Niliwaeleza kwamba Uhuru umekaribia, siku zimebaki za kuhesabu, na kiboko naye amesikia. Ziwa sasa ni letu, mpira ni wetu, ana haraka gani ya kurudi nyumbani wakati hapa ndipo nyumbani? Walishangilia mpaka bati likatetemeka. Kufika Jumapili nadharia hiyo ilikuwa imevuka ghuba na kufika Ukerewe, na kuna watu wazima, wengine baadaye wakawa wakubwa serikalini, walioniletea tena nadharia yangu mwenyewe kama habari mpya.

Jumatatu nililipa ada saa nne asubuhi. Bwire alinisindikiza hadi mlangoni pa ofisi, ingawa hakuna aliyemwomba. Tukarudi kwa njia ya maduka, tukapita mbele ya Bwana Jivan, nikaitazama fimbo ndani ya sanduku lake, na ilikuwa fimbo. Uhuru ukaja. Bi Zuhura alituchinjia jogoo, na tarehe moja akagonga mlango kama alivyoahidi. Mtihani nilifaulu, nasema nilikuwa wa kwanza, orodha ilisema wa saba. Siku nilipovaa tai, Bi Zuhura aliinyoosha mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akasema imekaa kama kamba ya mbuzi, akaingia ndani haraka na kanga usoni. Bwire alipata kazi ya kujenga mahospitali kule Musoma. Aliniachia kijiti chini ya mguu wa meza yetu ya chumbani, na fimbo Namba Tatu ikabaki mkononi mwangu bila jozi. Fimbo ya kwangu mwenyewe sikununua kamwe, hata nilipokuwa na uwezo wa kununua kumi.

Hayo yote niliyasimulia mkekani pale Buzuruga, kwa sauti kubwa, kwa sababu vijana waliokuwa wamekaa nasi walitaka kujua Fundi Idi alikuwa mtu wa namna gani. Niliwaeleza habari za jino la kiboko, na mguu wa mninga, na ule urefu wa Fundi. Wanaume waliobeba meza walikuwa wameshafika hamsini. Nilipomalizia kwamba ziwa liliuachia mpira wiki ileile ya Uhuru, nilimgeukia Bwire nikasema, "Muulizeni huyu. Alikuwepo."

Bwire alinawa mkono, akaukausha kidole kimoja kimoja.

"Sasa naweza kusema," alisema. "Nilimwahidi Fundi sitasema akiwa hai."

"Useme nini?"

"Meza ilikuwa imeinama, Masanja. Ule mguu aliouchonga ulitoka mfupi, unene wa kidole. Ulikuwa upande wa ziwa."

Vijana walinitazama. Nilikohoa. "Na kiboko?"

"Watu walikuwa wameshamsifu kwa ule mguu. Akaona haya kuurudia. Ndipo akaleta habari za kiboko. Mimi nilijua siku ya kwanza, nilipoweka pima maji, naye akaniona, akaniomba."

"Na Jumamosi ile?"

"Nilikwenda alfajiri na jeki ya lori."

Nilifikiria kile kitu kizito cha chuma mlangoni. Nilifikiria mzani wangu wa pamba, nilivyokuwa nauinamia kila asubuhi ya Mungu, mashuhuri mimi, mtu wa kusawazisha. "Hata mimi sikuona," nilisema.

"Tulishangaa sana," alisema Bwire, "mimi na Fundi."

"Kwa hiyo alipookota chaki…"

"Alikiona. Angekisukuma kwa mguu tu. Akakiacha."

"Nini? Alikiona nini?"

"Mguu ulikuwa mfupi," alisema Bwire. "Nikaweka kibao, ukalipe ada."